Usiku nilioona mapovu yakikimbia ndani ya ini

Hii ilitokea Mwanza, hospitali siitaji, mi nikiwa zamu ya usiku chumba cha ultrasaundi. Akaletwa kijana mmoja kinyozi, kashika tumbo juu ya kitovu, katapika mpaka basi, shati lina mapovu meupe yenye michirizi ya damu, lakini presha iko sawa na kaingia kwa miguu yake mwenyewe huku akibishana na mlinzi getini. Sitiskani yetu, ile mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ya mwili, ilikuwa mbovu wiki ile kwa hiyo kila tumbo lilikuwa linakuja kwangu.

Nikapaka jeli, nikaweka probu chini ya mbavu za kulia. Aisee. Kwenye mshipa wa pota, ule mkubwa unaokusanya damu yote ya tumbo na utumbo na kuipeleka kwenye ini, kulikuwa na vidoti vyeupe vinang'aa vinakimbia na damu, vinaingia ndani ya ini na kutawanyika mpaka pembezoni kabisa. Nikawasha dopla, ile sehemu ya mashine inayosikilizisha damu inavyotembea, spika ikaanza kupasuka pa pa pa kama bisi kwenye sufuria. Gesi hiyo. Na sio ya njia ya nyongo, maana ile inajikusanya katikati kwa sababu nyongo inatiririka kutoka pembeni kuja kati, hii ya pota inasukumwa na damu kwenda nje.

Sasa mtu yeyote wa fani akiona gesi pale wazo la kwanza ni utumbo umekufa. Utumbo ukikosa damu ukuta wake unaoza, gesi na bakteria wanapenya kwenye vimishipa vidogo halafu safari ni moja tu, pota. Mambo haya yaliandikwa kwanza 1955 kwa watoto wachanga wenye utumbo unaooza, na mpaka leo wodi ya watoto njiti wanaijua vizuri hiyo hali. Bingwa wa upasuaji tulimpigia simu akaja na kandambili, kaangalia skrini kidogo tu, akasema "1978 waliandika wagonjwa 64, robo tatu walikufa, andaeni tiata." Ni kweli kabisa, ila enzi zile walikuwa wanaiona kwa eksirei ya kawaida, yaani mpaka gesi iwe nyingi ndio inaonekana, lakini kwenye ripoti ya 2001 ya wagonjwa 182, waliokufa ni asilimia 39. Bado ni wengi, na mi nisingebishana na mzee yule saa nane za usiku.

Sista keshachukua damu ya kupima grupu, fomu ya ridhaa iko mezani, mara mlangoni anasimama binti wa pale saluni na mfuko wa rambo, anatetemeka. "Shikamoo dokta, kaka alikunywa hii akijua ni maji." Ndani kuna chupa ya maji ya kunywa ya kawaida, lebo haijabanduka, imebaki nusu. Dawa ya kupaushia nywele, bosi wao ananunua dumu zima anapunguzia kwenye chupa. Sista hakusema kitu, akachukua ile pamba aliyofutia damu akadondoshea tone moja, pamba ikafura povu papo hapo sshhh mbele ya macho yetu wote.

Haidrojeni peroksaidi. Binti akasema kwenye dumu imeandikwa volyumu 40, na hiyo maana yake lita moja ikivunjika inatoa lita 40 za oksijeni, kwa hiyo fundo kubwa la mililita 50 ni lita mbili za gesi zinazozaliwa ghafla tumboni, zitakosaje njia ya kuingia kwenye damu?

Bingwa akarudi kitandani akaanza upya, akabonyeza tumbo lote taratibu, laini, halijakakamaa, linauma pale juu tu. Akamwambia akunje ngumi zote mbili, anyanyue miguu, ataje jina la mama yake, maana gesi hiyo ikipanda kwenye ubongo inakuletea kiharusi. Yote kafanya, jina la mama kalitaja kwa sauti kubwa wodi nzima ikasikia. "Tiata subirini," mzee akasema, "hapa ugonjwa ni hiyo chupa." Oksijeni kwa maski, dripu, dawa ya kupunguza asidi, asile wala kunywa, na kila baada ya muda aje mtu abonyeze lile tumbo, likikakamaa tu anaingia tiata bila mjadala.

Asubuhi kabla sijatoka nikampima tena, pota nyeusi safi, hakuna hata kidoti. Baadaye wakampitisha kamera mdomoni mpaka tumboni wakakuta tumbo limeungua ungua kwa juu juu, halijatoboka. Kabla ya kuruhusiwa akaja kwangu kuomba ile picha yenye mapovu nimprintie, nikajua anataka ukumbusho, kumbe bosi wake alikuwa anamdai hela ya dawa aliyokunywa na yeye anataka kwenda kumwonyesha ilikoishia.