Ungeniuliza kwanza

Leo siku ya tano na bado nalisikia neno la kitinda mimba wangu. Hakupiga kelele, laiti angepiga. Alinirudishia mkononi glavu yake ya kudakia mpira wa besiboli, pembeni ya uwanja, wenzake wameshajipanga, akasema chini chini, tena kwa Kiswahili ili wasimwelewe: "Mama, ungeniuliza kwanza."

Hiyo glavu mnaijua, nimewasumbua nayo tangu Machi. Inchi 11 na nusu, ngozi ya ng'ombe, ovataimu zangu za wiki mbili zimeishia humo. Ilikuja ngumu kama ubao, akiibana kwa mikono miwili inafumba nusu. Mwenyewe alikuwa na utaratibu wake: kila jioni kurushiana mpira na yule mzee jirani, halafu anaweka mpira kwenye kiganja cha glavu, anaifunga raba bendi mbili, inalala chini ya godoro.

Mimi nikaona anachelewa. Binti wa fundi viatu wa Ngamiani, nani wa kunifundisha ngozi? Ijumaa usiku, kalala, nikachukua mafuta ya nazi nikaipaka mpaka ikashiba. Kwenye kamba, kwenye mishono, hadi ndani kwenye vidole. Ikakunjika kama chapati. Nikalala nimefurahi.

Uwanjani ikawa nzito, imelegea, mpira ukiingia inalala upande. Mzee akanieleza bila kunicheka. Glavu hailainiki yote: inakunjika pale kwenye dole gumba na pale kwenye kidole kidogo, kwingine inabaki imara ili ishike umbo, na umbo lenyewe linaletwa na kudaka, kudaka, kudaka. Mafuta ni matone mawili matatu kwenye kitambaa, mara chache kwa msimu. Yakizidi yanazama kwenye ngozi na kuyatoa ni kazi. Akasema tuifute, tuijaze magazeti, tuiache kivulini, hita isiikaribie maana itakauka ipasuke.

Ungeniuliza kwanza. Nimezunguka nalo zamu zote. Juzi nimefaulu usaili wa uraia wa Marekani, alhamdulillah, nitasimulia siku nyingine, lakini hata pale, ofisa ananiuliza maseneta wako wangapi, nami nawaza ni lini nilimwuliza huyu mtoto kitu kwanza. Koti la baridi, sikumwuliza. Kuhama shule, sikumwuliza. Ana miaka 10, jamani! Mimi nani aliniuliza? Halafu nikamkumbuka Baba kibandani kwake, mteja kaleta kiatu, na yeye kabla hajagusa nyundo: "Kinakubana wapi?" Kila mteja. Hata watoto.

Jana jioni kitinda mimba kaingia jikoni na glavu, kaitoa magazeti, yameloa mafuta tepetepe.

"Mzee anagonga yake kwa nyundo ya mbao. Sisi hatuna." Akakitazama kinu. "Mama, naomba mchi."

Mchi wangu! Ulionilipisha uzito wa begi kutoka Dar. Nikampa. Nikamshikia glavu mezani, akaitwanga kiganjani, twa, twa, ulimi nje kama babu yake.

"Nipige na mimi?" nikauliza.

Akafikiri. Kwa kweli alifikiri. "Mara kumi. Katikati tu, usiguse kingo."

Nikapiga kumi, nikamrudishia. Akatupia mpira ndani, ukatoa mlio mkavu kidogo kuliko wa Jumamosi. Kidogo. Bado nzito, na huenda ikabaki hivyo. Alipokwenda kuoga nikabaki na mpira mkononi, nahesabu mishono ya uzi mwekundu. Ni 108, aliniambia yeye, na mimi nikapotea kwenye 60. Baba angeifurahia hiyo kazi.

Mchi unanuka ngozi, nimeusugua ndimu mara mbili.

Mama hapokei simu tangu juzi. Dada anasema ni chaji tu. Chaji gani ya siku mbili?