Mdomo Uliokatika

Jana asubuhi nilikuwa nanyoa, wembe umefika chini ya pua, Tatu akasimama mlangoni mwa bafu na mswaki wake mdomoni. "Baba, hilo kovu ulilipataje?"

"Nilianguka mwembeni."

Akasukutua, akaenda zake. Mimi nikabaki na povu usoni, nikimkumbuka jamaa mmoja wa udongo niliyemwona Lima, mji mkuu wa Peru.

Nilikwenda huko kwa mkutano wa siku nne, na Kihispania changu kinaishia kwenye "gracias". Siku ya mwisho wenzangu walikwenda kununua sweta, mimi nikachukua teksi hadi Makumbusho ya Larco, eti kuna vyungu vyenye sura za watu.

Ghala lao liko wazi kwa wageni. Makabati ya vioo kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na ndani yake vichwa. Vichwa tu! Kazi ya Wamoche, waliokaa pwani ya kaskazini ya Peru zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Walikandamiza udongo kwenye kalibu mbili, ya uso na ya kisogo, wakaziunganisha, wakapaka nyeupe ya maziwa na nyekundu ya udongo. Utosini umechomoza mrija uliopindwa kama mpini wa kikapu. Mmoja kanuna, mwingine shavu limetuna.

Mwongoza wageni akanionyesha chungu kimoja kwa kidole. Mdomo wa juu: kovu. Akakitazama chungu, akanitazama mimi, akageukia pembeni haraka. Sharubu zangu hazikuwa zimesaidia kitu.

Nilipiga magoti pale sakafuni, pumzi ikafanya ukungu kwenye kioo, nikaufuta kwa mkono wa shati. Alama yenyewe ndogo, kama mtu kabonyeza ukucha kwenye udongo mbichi. Kilemba safi, macho makavu, bwana mkubwa kabisa. Angesema neno moja tu, fundi asingeiweka. Lakini ipo. Mmarekani Christopher Donnan, aliyezichunguza sura hizi miaka mingi, alimpata mtu huyu kwenye vyungu zaidi ya 40, tangu ni mtoto hadi ana miaka thelathini na kitu, na kovu lake lile lile. Mimi picha ya harusi mpiga picha aliniuliza, "Tulifute, kaka?" Nikasema futa.

Langu ni la mbuzi ya nazi. Nilikuwa namkimbiza dada yangu nimpige na mwiko, nikateleza jikoni, nikaangukia meno ya ile mbuzi. Dada ndiye aliyenibeba hadi zahanati, naye alikuwa na miaka kumi. Mke wangu anajua la mpira wa miguu. Watoto wana la mwembe.

Usiku, taa imeshazimwa, Tatu akaniita.

"Baba, mwembe gani? Kwa bibi hakuna mwembe."

"Ulikatwa," nikasema.