Mjomba na Dawa ya Saratani

Mjomba alitishwa na jina la dawa. Binti wa jirani, muuguzi, aliisoma karatasi ya sindano ya jicho la mama tuliyotoka nayo Dar es Salaam, akauliza, "Avastin? Mbona hii ya saratani ya utumbo?" Pale barazani, mtaani Ngamiani, Tanga, hakuna aliyesikia neno jingine baada ya hilo.

Na kweli ni ya saratani. Marekani waliiruhusu kwa saratani ya utumbo mpana mwaka 2004. Uvimbe hujioteshea mishipa ya damu ili ujilishe, na dawa huzuia protini inayoichochea mishipa hiyo. Nyuma ya jicho la kulia la mama nako kulikuwa na mishipa mipya, dhaifu, inayovuja chini ya retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, na kuharibu kuona kwa katikati. Mwenyewe aligundua tatizo kwenye ukili. Kila akisuka, mstari unapinda, akawa anailaumu miyaa.

Nikamwambia mjomba kwamba mgonjwa wa saratani huwekewa mamia ya miligramu kwa dripu, ila jichoni inaingia miligramu 1.25 tu.

"Nyoka naye hatoi ndoo," akajibu.

Siwezi kusema hakuwa na hoja kabisa. Dawa kidogo hufika kwenye damu, na ndiyo maana daktari alimuuliza mama, mwenye presha, kama amewahi kupata kiharusi. Hajawahi. Ipo pia Lucentis, iliyotengenezwa kwa ajili ya jicho hasa, lakini bei yake ni mara nyingi zaidi, na utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2011 ulikuta wagonjwa wa dawa zote mbili wanaona karibu sawasawa baada ya mwaka. Kwa mfuko wetu, mjadala wa Lucentis ulikuwa mfupi.

Mimi nilichokiogopa hakikuzungumzwa na mtu. Kichupa cha Avastin ni kikubwa, kwa hiyo dawa hugawanywa kwenye sindano ndogondogo, na usafi ukilegea vijidudu vinaingia ndani ya jicho. Ni nadra, chini ya mmoja kwa elfu, lakini jicho linaweza kupotea ndani ya siku chache. Daktari alisema: maumivu yakizidi, uoni ukififia, rudini siku hiyohiyo. Kutoka Tanga hadi Dar ni zaidi ya kilomita 300. Yakianza usiku tunapanda basi gani? Nikashikilia kwamba baada ya sindano tukae kwanza Temeke kwa binamu yangu.

Mama alikuwa kimya muda wote huo. Kisha akauliza: "Wamesema maji yasiingie jichoni. Sasa nitatawadhaje?"

Kiharusi hakikumshughulisha, wala sindano yenyewe. Mjomba, aliyekuwa akipinga tangu alasiri, akavaa kofia yake: hilo angemuuliza sheikh.

Sindano ikachomwa. Aiodini ya kuoshea jicho ilimwasha usiku kucha kuliko sindano. Asubuhi mjomba akapiga simu ya video, akaliona jicho: weupe wake wote upande mmoja umejaa damu.

"Si nilisema!"

"Damu ya juujuu hiyo, itaondoka yenyewe," mama akamjibu. "Haliumi, na vidole vyangu naviona. Wewe niambie, sheikh kasemaje?"