Ofada na ayamase: nilivyoipata nyumbani bila kuunguza mawese

Kila aliyesikia kwamba napika wali wa Ofada alikuwa na ushauri, na karibu wote ulikuwa wa kupotosha. Mmoja alisema nitumie basmati ya kahawia, eti hakuna tofauti. Mwingine akasema mawese yananuka, niweke mafuta ya alizeti na manjano kidogo. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenichosha, akanitajia viungo vya pilau kuanzia mdalasini hadi iliki. Ayamase, mchuzi wa pilipili za kijani unaoliwa na wali huo, haina bizari, haina tangawizi, haina kitunguu saumu, haina nyanya hata moja. Ina pilipili za kijani, vitunguu maji, mawese yaliyopaushwa (yaliyopashwa moto mpaka wekundu ukatoka), iru, yaani mbegu zilizochachushwa, uduvi, nyama na mayai. Basi. Ukitia mdalasini umepika kitu kingine, na huenda ni kitamu, ila usikiite ayamase mbele ya mtu wa Ijebu, huko kwa Wayoruba wa Nigeria.

Ofada ni mji wa Jimbo la Ogun, kusini-magharibi mwa Nigeria, na mchele umechukua jina la huko ingawa unalimwa sehemu nyingi za Wayoruba. Haukobolewi mpaka ukawa mweupe. Punje zake ni fupi na nene, nyingine zina michirizi ya kahawia au wekundu. Harufu yake kali, ile inayomfanya mgeni aulize kama mchele umeharibika, hutokana na namna unavyotayarishwa: mpunga hulowekwa muda mrefu, hata siku kadhaa, kabla ya kuchemshwa, kuanikwa na kukobolewa, na ndani ya yale maji ndimo unamochachuka. Mchele wa kahawia wa dukani haujapitia hayo, kwa hiyo hauwezi kuwa mbadala wake hata ukiupika kwa ufundi gani. Maduka ya Wanaijeria ya Rye Lane, Peckham, kusini mwa London, huuza Ofada; kwa bei ya mfuko mmoja ungepata basmati nzuri na chenji ikabaki.

Mfuko ukiandikwa kwamba mchele umeshatolewa mawe, usiamini. Upembue kwenye sinia kwanza, kisha utie kwenye bakuli pana lenye maji mengi, litikise kwa kulizungusha, na umimine mchele pamoja na maji kwenye bakuli la pili polepole. Mawe ni mazito, yatabaki chini. Rudia mpaka chini ya bakuli pasibaki kitu. Jino lililovunjika ni ghali kuliko mfuko wa mchele, hasa huku Uingereza.

Nusu kilo inatosha watu watano au sita, maana Ofada huvimba sana. Nauloweka saa moja, wakati mwingine usiku kucha kama nimekumbuka. Nauchemsha dakika 10 kwenye maji mengi, namwaga yale maji ya kahawia, nausuuza, kisha naurudisha sufuriani na maji ya moto yanayoufunika kwa kama sentimita moja, chumvi kidogo, foili chini ya kifuniko, moto mdogo. Baada ya dakika 25 hadi 30 uko tayari. Maji yakikauka kabla haujaiva, ongeza ya moto kidogo kidogo. Ukimwaga mengi kwa pupa, punje za chini zinapasuka na kuwa bokoboko huku za juu bado zina kiini. Wapo wanaodai maji ya kwanza hayamwagwi kwa sababu utamu wote unaondoka nayo. Hauondoki. Harufu inayobaki inatosha kuwajulisha majirani wa ghorofa nzima.

Sasa mawese, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, na ndipo nilipopata ushauri mbaya kuliko wote: “washa moto mkali, yatapauka haraka.”

Wekundu wa mawese unatokana na karotini, zile zile zinazoipa karoti rangi. Mafuta yakipashwa sana, zaidi ya nyuzi 200 hivi, karotini huvunjika na mafuta hubadilika kutoka wekundu hadi rangi ya dhahabu, na ladha nayo inabadilika: ule uzito wa mawese mabichi unapungua, unakuja ukavu fulani wenye moshi kwa mbali. Ladha hiyo ndiyo uti wa mgongo wa ayamase. Lakini kati ya mafuta yaliyopauka na mafuta yaliyoungua kuna dakika chache tu, na moto mkali unazifanya ziwe sekunde. Yakiungua yanakuwa ya hudhurungi iliyoiva sana, machungu, na hakuna sukari wala kitunguu kitakachoyaokoa. Yatupe.

Kwa nusu kilo ya mchele natumia mililita 350 za mawese. Sufuria iwe nzito, kavu kabisa, na mafuta yasizidi theluthi moja ya kina chake. Tone la maji likibaki ndani litarusha mafuta hadi ukutani. Mawese yanayokamuliwa kienyeji, kama yale ya Kigoma au ya Kongo, mara nyingi yana maji na masimbi chini ya chupa. Yayeyushe kwa kuitumbukiza chupa kwenye maji ya uvuguvugu, yaache yatulie, umimine ya juu tu. Hata hivyo anza na moto mdogo kabisa bila kifuniko mpaka yaache kutatarika. Ukimya huo ndio dalili kwamba maji yamekwisha. Hapo sasa funika, kifuniko kibane, na upandishe moto uwe wa wastani, usizidi.

Kifuniko cha kioo ni bora, maana unaona rangi ikihama: wekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano. Shida ni kwamba moshi unaanza kujaa chini ya kioo kabla rangi haijafika mwisho, na ukifunua ili uchungulie, moshi wote unaingia nyumbani na kengele ya dari inaanza kulia. Ukweli ni kwamba huna haja ya kuchungulia. Sufuria nzito huendelea kupika hata jiko likizimwa. Kwa hiyo mimi huzima mapema, mafuta yakiwa bado rangi ya chungwa, kwa kiasi hiki ni kama dakika ya 8 tangu nifunike, na kama jiko ni la umeme naisogeza sufuria pembeni kwa sababu sahani ya jiko hubaki na joto. Kisha naiacha imefunikwa dakika 20. Joto lililobaki ndilo linalomaliza kazi, na moshi unatulia wenyewe ndani. Nikifunua, nachota kwa kijiko kikavu na kudondosha kwenye sahani nyeupe. Tone likiwa la manjano angavu, nimemaliza. Likiwa na wekundu, narudisha jikoni dakika mbili tatu na kurudia. Kupausha kwa awamu namna hii kunachukua muda mrefu zaidi, lakini mafuta yangu hayaungui, na wale wa moto mkali bado wanasugua masufuria.

Madirisha yafunguliwe kabla ya kuwasha, na watoto wasiwe jikoni. Mafuta yakishika moto, zima jiko na uache kifuniko mahali pake. Usithubutu kumwaga maji. Mwenye uwanja apaushie nje, kwenye jiko dogo la gesi. Mafuta yaliyopaushwa yanakaa vizuri kwenye chupa ya kioo kabatini, kwa hiyo napausha lita nzima kwa mkupuo, na siku ya kupika kazi ngumu imeshapita.

Pilipili. Nigeria wanatumia tatashe, hoho zao, zikiwa bado za kijani, ambazo ganda lake ni jembamba na hazina maji mengi. Hoho nono za Uholanzi zinazouzwa Uingereza zimejaa maji, na hapo ndipo mchuzi wa watu wengi unapogeuka supu. Chukua hoho za kijani sita kubwa, karibu kilo moja, pilipili mbuzi nne hadi sita, na vitunguu viwili. Pilipili mbuzi ziwe za kijani pia. Kwenye kapu la duka zimechanganyika na nyekundu na za manjano, zichague bila aibu. Nyekundu moja haidhuru, na hata inapunguza uchungu wa hoho, lakini tatu zitakupa mchuzi wa rangi ya tope.

Usisage zikawa laini. Bonyeza blenda na kuachia, bonyeza na kuachia, bila kuongeza maji, mpaka upate chengachenga. Mimina kwenye chujio juu ya bakuli kwa nusu saa. Maji yatakayotoka utashangaa. Kisha weka sufuriani peke yake bila mafuta, uchemshe dakika 15 hadi 20 ukikoroga, mpaka mwiko ukipita chini uache njia inayobaki wazi kidogo. Ukiruka hatua hii, pilipili zitachemka ndani ya mafuta badala ya kukaangika, na mchuzi utabaki na ule ubichi wenye uchungu unaokaba koo.

Nyama iwe ya aina nyingi: gramu 300 za utumbo wa taulo, 300 za ngozi ya ng'ombe, ambayo Wayoruba huiita ponmo, na 300 za nyama ya steki. Ponmo ikikosekana, makongoro yanafaa. Utumbo unatangulia dakika 45, vingine vinafuata, vyote na kitunguu na chumvi. Kata vipande vidogo vya kuingia mdomoni bila kuhangaika. Supu yake iweke, ila utahitaji nusu kikombe tu.

Iru ni mbegu za mti wa Parkia biglobosa zilizochemshwa na kuvundikwa mpaka zichachuke; Wahausa huziita dawadawa. Usiuziwe ogiri ukidhani ni ile ile, maana hutengenezwa kwa mbegu nyingine. Nunua iru woro, yenye mbegu nzima, iliyogandishwa. Ile kavu ilowekwe maji ya moto dakika 20 kwanza. Isuuze mara moja kutoa mchanga, usiioshe mpaka harufu iishe, kama nilivyoshauriwa na mtu ambaye sijui alikuwa anapika nini. Inayobaki ifunge mifuko miwili kabla ya kuirudisha kwenye friza, la sivyo barafu zako zitakuwa na ladha ya iru.

Kuunga sasa ni kazi nyepesi. Pasha mafuta yaliyopaushwa, kaanga kitunguu kimoja kikubwa kilichokatwa mpaka kingo zianze kuwa kahawia, tia iru vijiko vitatu vya chakula, dakika mbili, kisha pilipili. Moto wa wastani, dakika 15 au 20, ukikoroga chini kila mara. Mafuta yatamezwa yote mwanzoni. Yakianza kujitokeza pembeni, tia nyama, supu ile nusu kikombe, na uduvi uliosagwa vijiko viwili. Wanaijeria wanauita crayfish, lakini ukiwa na uduvi mzuri wa Pwani huna haja ya kutafuta mwingine. Chumvi onja mwishoni, maana supu na uduvi tayari vina yake. Punguza moto, robo saa nyingine, kisha mayai sita ya kuchemsha yaliyomenywa, yakae ndani dakika 10 za mwisho.

Mafuta yatasimama juu. Yaache. Anayeyachota ili mchuzi uonekane “mwepesi” anaondoa kile alichohangaikia siku nzima. Ukiwahudumia wasioyazoea, chota mchuzi kutoka chini.

Picha za mchuzi mwekundu kando ya Ofada zisikuchanganye. Huo ni mchuzi mwingine, wa tatashe nyekundu, unaopikwa kwa karibu njia hii hii, na wauzaji wengi wanauita mchuzi wa Ofada tu. Ayamase ni ya kijani iliyoiva, yenye weusi kidogo.

Nigeria wali huu hufungwa kwenye majani mapana ya Thaumatococcus daniellii, yale yale ya kufungia moin moin, kunde zilizosagwa na kupikwa kwa mvuke. Huku natumia jani la mgomba, nalipitisha juu ya moto mpaka ling'ae na kulegea, naupakia wali ungali wa moto na kuufunga dakika 10 kabla ya kula. Pembeni ndizi mzuzu zilizoiva, za kukaanga. Kwa yote haya, nyama ikiwemo, hesabu kama paundi thelathini hivi, zaidi ukinunua mawese mapya.

Mchuzi wa kesho yake ni mtamu zaidi. Kwenye jokofu unakaa siku tatu au nne. Kwenye friza miezi miwili, ila toa mayai kwanza, kwa sababu yakigandishwa ute wake mweupe unakuwa mgumu na kutoa maji.