Jinsi nilivyonyoosha kidole kilichokakamaa
Baada ya kuteguka, kiungo cha kati cha kidole changu cha pete kilibaki kimepinda, na hata nikikisukuma kwa mkono wa pili hakikunyooka. Kukichua hakukusaidia, na kukivuta kwa nguvu kulileta uvimbe uliozidisha ukakamavu. Kilichofaa ni mvuto mdogo wa muda mrefu: mtaalamu wa tiba ya viungo alikiloweka katika maji ya uvuguvugu, akakinyoosha pasipo maumivu makali, kisha akakifunga plasta ngumu ya jasi, akiibadilisha kila baada ya siku chache kwa pembe iliyonyooka zaidi. Lililoleta tofauti, kwa maoni yangu, ni kwamba plasta iliacha huru kiungo cha ncha, nami nikaendelea kukikunja mara kwa mara ili kano zisishikamane. Sasa usiku navaa banzi, yaani kifaa kigumu kinachokishikilia kidole kikiwa kimenyooka, kwa sababu kovu la ndani ya kiungo hujikunja tena upesi; ncha ikipauka au ikifa ganzi, nalilegeza mara moja.