Nilivyojifunza kuongoza mchezo wa kuigiza mezani, hapa Kirumba

Nilipoamua kuongoza mchezo wa Dungeons & Dragons kwa mara ya kwanza, sikumfahamu mtu yeyote hapa Mwanza aliyewahi kuucheza, wala duka ambalo ningeweza kuulizia dadu zake. Mchezo huu, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974, huchezwa kwa maneno: kila mchezaji hubeba mhusika wake, na mtu mmoja, mwongozaji, husimulia mahali walipo, huwasemea wote wanaokutana nao, na huamua kinachotokea baada ya kila hatua yao. Mzigo wa kujifunza humwangukia mwongozaji, na mimi mwanzoni niliubeba kwa upande usiofaa.

Kosa langu lilikuwa kusoma kila kitu kwa mpangilio wa kitabu. Kitabu cha mwongozaji cha mwaka 2014 kina kurasa 320, na kinaanza na namna ya kuumba ulimwengu mzima, pamoja na miungu yake, ilhali maelekezo ya kuendesha mchezo wenyewe yamewekwa katika sura ya 8. Nilitumia miezi miwili kuumba falme ambazo hakuna aliyezifikia. Jioni ya kwanza niliwakalisha mkekani mdogo wangu wa kike, binamu yangu kutoka Ukerewe na jirani yetu ambaye ni fundi wa injini za boti pale mwaloni, nikawa nasoma aya za Kiingereza na kuzitafsiri papo hapo. Walinisikiliza kwa adabu, kama watu walio kwenye mkutano wa mtaa, na baada ya saa moja hakuna aliyekuwa amefanya jambo lolote kwa hiari yake.

Kilichonikomboa ni kufahamu kwamba Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast, inayochapisha mchezo huu, ilitoa kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons, inayoruhusu mtu yeyote kuzitafsiri na kuzisambaza ilimradi ataje zilikotoka. Waraka huo ni mrefu na haufundishi kuongoza, kwa hiyo simshauri anayeanza ausome wote. Mimi niliuchukua kama ghala, nikatoa yale tu yaliyotosha ukurasa mmoja wa daftari, kwa Kiswahili. Sifa sita za mhusika tukaziita nguvu, wepesi, ukakamavu, akili, hekima na haiba. Neno ukakamavu alilileta binamu yangu, baada ya mabishano marefu, na nadhani hapo ndipo mchezo ulipoanza kuwa wetu, kwa sababu kila aliyechangia neno alilikumbuka pamoja na kanuni yake. Chini ya sifa hizo niliandika kanuni inayobeba nyingine zote: rusha dadu ya pande 20, ongeza namba ya nyongeza ya sifa inayohusika, kisha linganisha jumla na namba ya ugumu, ambao ni 10 kwa jambo jepesi, 15 kwa la wastani na 20 kwa gumu.

Dadu za pande sita tulitoa kwenye ludo. Badala ya ile ya pande 20 tulitumia vizibo vya soda, vile vile tunavyochezea drafti, tukaviandika namba upande wa ndani na kuvitia katika mfuko wa kitambaa. Kila namba hubaki na nafasi 1 kati ya 20, ilimradi kizibo kirudishwe na mfuko utikiswe kabla ya mwingine kuchomoa.

Kwa upande wa video, nilipakua kwa bando la usiku zile za mwanzo za Matt Colville, ambaye mwaka 2016 alianza mfululizo wa kuwafundisha waongozaji wapya. Mbili tatu zinatosha kabla ya kucheza. Kutoka kwa Michael Shea, mwandishi wa vitabu vya waongozaji, nilichukua desturi moja ambayo sijaiacha, nayo ni kuandika siri kumi fupi kuhusu kisa bila kuamua mapema zitagunduliwa wapi.

Hadithi niliyoitumia ni ile ya seti ya wanaoanza ya mwaka 2014, inayofunguka kwa farasi wawili waliouawa barabarani. Kwa kuwa hakuna kati yetu aliyewahi kusafiri kwa farasi, niliweka mtumbwi wa dagaa uliosukumwa kati ya majabali, nyavu zimekatwa, wavuvi hawapo. Nikauliza, "Mnafanya nini?" Fundi akasogea mbele. "Kaka, karabai ipo?" Nikamjibu ipo. "Kioo chake ni cha moto au kimeshapoa?"

Hakuna kitabu kilichokuwa na jibu la swali hilo. Mkono wangu ulikuwa umeshaufikia mfuko wa vizibo, nikaurudisha, kwa sababu mtu akigusa kioo hujua tu, na wachezaji walihitaji habari ile ili kusonga mbele. "Kina uvuguvugu," nikasema, "na mafuta yamebaki nusu." Mdogo wangu akasimama kabisa. "Basi waliowachukua hawajafika mbali!" Wakaanza kupangana nani atangulie kupanda mawe na nani abaki kulinda mtumbwi, na kwa saa tatu zilizofuata nilisoma daftari langu mara mbili tu. Siri ya kwanza kati ya zile kumi, kwamba mmoja wa wavuvi alikuwa amewauzia majambazi habari za safari, niliiweka palepale, ndani ya koti lililosahaulika chini ya kiti cha mtumbwi.

Binamu yangu alipokuwa akirudi Nansio, aliunakili ukurasa ule kwa mkono akiwa anasubiri meli, akaomba na mfuko wa vizibo ili awaongoze wenzake huko. Nilimpa, na sasa ninakusanya vingine 20.