Riquet wa Béziers, mtoza kodi aliyeyafuata maji

Béziers, mji mkongwe ulio juu ya mto Orb kusini mwa Ufaransa, hutajwa zaidi kwa mauaji ya Julai 1209, wanajeshi wa msalaba walipowachinja wenyeji. Hutajwa pia kwa Jean Moulin, aliyezaliwa hapo 1899 na baadaye akayaunganisha makundi ya upinzani dhidi ya Wanazi. Lakini mwana wa Béziers ninayemhusudu kuliko wote ni mtoza kodi ya chumvi, Pierre-Paul Riquet, aliyejenga Mfereji wa Midi wa kilomita 240 kati ya Toulouse na bahari ya Mediterania.

Wazo la mfereji lilikuwa la zamani. Kilichowashinda wengine ni maji. Pale Naurouze, mita 189 juu ya usawa wa bahari, ardhi inainuka, na chombo kikishuka upande wowote kinaondoka na maji ya kilele. Yasiporudishiwa mengine, mfereji unakauka. Mwaka 1662 Riquet alimwandikia waziri Colbert jibu lake: kukinga vijito vya Mlima Mweusi, kuyaleta maji Naurouze kwa mitaro, yagawanyike mashariki na magharibi. Baadaye likaongezwa bwawa la Saint-Ferréol la kuyahifadhi. Bwawa ndilo lililookoa kiangazi, vijito vinapopungua.

Kupandisha na kushusha vyombo kulihitaji vyumba vya maji vyenye milango kila upande. Chombo kinaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanajazwa au kupunguzwa hadi yalingane na yale ya mbele, ndipo mlango wa pili unafunguliwa. Vya mwanzo vilikuwa na kuta zilizonyooka, na ukuta mmoja ukaporomoka: chumba kikiwa kitupu, udongo wa nje unasukuma na hakuna maji ya kuusukuma kutoka ndani. Riquet akazipinda kuta, kila chumba kikawa na umbo la yai, na mpindo ukaubeba msukumo huo kama tao lililolazwa ubavuni. Gharama yake ni maji mengi zaidi kila chombo kinapopita, na ndiyo maana bwawa lilikuwa muhimu hivyo. Fonserannes, pembeni mwa Béziers, vyumba vinane vimepangwa mfululizo kama ngazi.

Fedha zilimwelemea. Alitumia mali yake na kukopa, akafa Oktoba 1680, miezi michache kabla ya mfereji kufunguliwa 1681, na madeni yakabaki kwa wanawe.

Kasoro moja ilidumu hapo hapo kwao. Vyombo vilivuka mto Orb juu ya maji ya mto wenyewe, hivyo mafuriko yalisimamisha safari na kuacha mchanga njiani. Haikuondoka mpaka daraja la kupitisha mfereji juu ya mto lilipokamilika, 1858.